Waya wa umeme wa laki tisa: utafungua besi ya amplifaya ya Mwalimu?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho, juu ya Moshi mjini. Nina amplifaya ya Kijapani niliyonunua mtumba miaka mingi iliyopita, spika mbili za mbao na pleya ya santuri. Jioni muziki unapungua nguvu, besi inakuwa kama mtu aliyetoka shambani. Nikiweka santuri kuna mvumo, "mmmm", hauishi. Mkwe wangu anaishi Ujerumani. Anasema nibadilishe waya wa umeme wa amplifaya, niweke mmoja mnene unaofika laki tisa kwa fedha zetu. Kwamba umeme utaingia safi, besi itafunguka na mvumo utakwisha. Yeye amebadilisha wa kwake na anasikia tofauti. Anataka kuniletea Krismasi. Ni kweli? Nimekutumia picha za nyuma ya vyombo vyote.

Shikamoo Mwalimu.

Jibu nalitoa mwanzo kabisa, ili kama mkwe yuko njiani kwenda dukani asimame kwanza: hapana. Waya huo hautafungua besi, wala hautaondoa mvumo. Lakini usinielewe kwamba nasema masikio yako yamezeeka. Besi inachoka kweli, na mvumo upo kweli. Picha zako nimezitazama jana usiku hapa karakana, Kaloleni ya Arusha, kazi zilipopungua, na kwa ninavyoona nyuma ya kabati lako kuna magonjwa mawili tofauti. Hakuna hata moja linaloishi kwenye waya wa umeme.

Nianze na picha ya tatu, maana ndiyo iliyonifanya nikunje uso. Kile kiboksi cha bluu kilicho sakafuni, kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa hicho kiondoe leo, kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Najua mama anapenda vyombo vipendeze, lakini kile ni chombo kinachochemka, kinahitaji kupumua.

Kiboksi hicho ni transfoma ya kushusha umeme. Amplifaya yako imetengenezwa kuuzwa Japani, na bango la nyuma linasema wazi: AC 100V. Japani nyumba zinatumia volti 100, sisi tunatumia 230. (Wajapani wenyewe wana kituko chao: Tokyo umeme unapiga mizunguko 50 kwa sekunde na Osaka 60, ndiyo maana vyombo vyao vingi huandikwa 50/60. Kwako hilo ni bahati, maana zipo pleya za santuri za zamani zenye mota inayofuata mizunguko ya umeme. Ya mizunguko 60 ukiileta huku inazunguka pole kwa asilimia 17 na mwimbaji anakuwa kama ana usingizi. Yako haina shida hiyo.) Sasa, bango hilohilo la amplifaya linasema inakula wati 260. Na kiboksi cha bluu kimeandikwa wati 200. Na viboksi vya namna ile, Mwalimu, nimevifungua vingi. Kilichoandikwa nje mara nyingi ni matumaini tu.

Kwa hiyo umempa punda wa magunia mawili abebe matatu. Ukicheza kwa sauti ya chini, mazungumzo ya sebuleni yakiendelea, hutambui lolote, kwa sababu amplifaya haitumii hata robo ya uwezo wake. Siku ukipandisha, besi zikaanza kupiga, amplifaya inavuta umeme kwa nguvu na transfoma ndogo inalemewa: volti inazotoa zinashuka palepale, hasa pale besi inapozihitaji.

Hilo ni nusu ya ugonjwa wa kwanza. Nusu ya pili ni neno ulilolitaja mwenyewe: jioni. Saa moja kuelekea saa tatu usiku kila nyumba ya mlimani imewasha taa, mtu ananyoosha sare za watoto, mwingine anaoga. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, zile za kufunga juu ya bomba, inakula kilowati 5 hivi. Hizo ni ampea 22 kwa nyumba moja, mtu mmoja anaoga. Nyumba ikiwa mbali na transfoma ya mtaa, waya mrefu wa njiani unameza volti, na majirani wakioga pamoja zinamezwa nyingi zaidi. Desemba ndiyo usiseme. Wenzetu wote wanarudi nyumbani, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, kila moja na friji na hita yake.

Tuseme soketi yako jioni inasoma volti 195 badala ya 230. Sijapima, nakadiria; nitakuambia chini jinsi ya kupima. Kiboksi cha kugawanya 230 kuwa 100 kikipewa 195 kinatoa kama 85, hapo hata hakijalemewa. Amplifaya ya aina yako haina kitu cha kusawazisha umeme ndani. Volti zikishuka kwa asilimia 15, nguvu ya juu inayoweza kuitoa inashuka kwa zaidi ya robo, kwa sababu nguvu inafuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa na amplifaya ya wati 80, imebaki na 58. Wimbi la besi ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo ndilo linalogonga dari kwanza na kukatwa kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa linasikika kavu na lenye uchovu. Kwa hiyo ulivyoeleza ni sawasawa, na ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa vema.

Sasa tuuweke waya wa mkwe mahali pake, tuone unaweza kusaidia kiasi gani. Hapa nitaomba uvumilie hesabu kidogo. Ulikuwa mwalimu, hutalalamika.

Waya wa kawaida uliokuja na amplifaya, urefu mita moja na nusu, shaba yake tuseme ina unene wa milimita mraba moja. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 3 za shaba. Amplifaya ikivuta ampea 3, na hapo majirani wameshafunga madirisha, waya huo unameza volti 0.15. Waya wa laki tisa, tuupe shaba nene mara nne, utameza volti 0.04. Faida uliyoipata ni kama volti 0.11, kati ya 100. Ukiigeuza kuwa sauti ni desibeli 0.01. Nitakuwa mkarimu zaidi: amplifaya haivuti umeme kwa utulivu, inavuta kwa vipande, mapigo makubwa na mafupi. Basi tuzidishe mara tano. Desibeli 0.05. Sikio la mtu, kwa muziki wa kawaida, linaanza kutambua mabadiliko ya sauti karibu na desibeli moja, wenye masikio makali sana wanashuka chini kidogo ya hapo. Upungufu wa volti zako za jioni peke yake ni desibeli 1.4, na hapo sijahesabu kiboksi. Huo unasikika. Wa waya hausikiki kwa Mkibosho wala kwa Mjerumani.

Wewe ni mtu wa Kibosho, mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, unaujua kuliko mimi niliyekulia mjini. Maji yanatoka juu mtoni, yanapita kwa mzee huyu na yule, yanavuka barabara, yanafika kwenye migomba yako. Yakiwa machache kwa sababu watu kumi wa juu wamefungulia, wewe ukachimba na kupanua hatua mbili za mwisho za mfongo pale kwenye kihamba chako, utapata maji zaidi? Waya wa mkwe ni hizo hatua mbili.

Na hapa wauzaji wana hoja yao, wacha niitendee haki. Wanasema: ni kweli umeme umesafiri kilomita mamia, lakini ile mita ya mwisho ndiyo inayogusa amplifaya, ikiwa bora inasafisha yote yaliyotangulia. Inavutia masikioni. Kasoro yake ni mbili. Waya ni njia tu, hauna kichwani kitu cha kuchagua umeme upi upite na upi ubaki. Unachokipoteza njiani kinajumlishwa, kipande kwa kipande, na kipande kifupi kinachangia kidogo bila kujali kimekaa mwanzoni au mwishoni. Pili, ile si mita ya mwisho. Umeme ukishaingia ndani ya amplifaya unapita kwenye fyuzi, kauzi kembamba kama unywele, kisha unaingia kwenye transfoma ya ndani, mamia ya mizunguko ya waya mwembamba. Huko peke yake volti zinazomezwa ni nyingi kuliko zinazomezwa na waya wowote wa nje. Anayeuza waya wa laki tisa hakuuzii fyuzi nene, na akikuuzia mkatae, utaunguza nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau, nalo ndilo kiini. Spika zako hazisikii umeme wa ukutani hata siku moja. Umeme wa ukutani unabadilishwa volti na transfoma, unanyooshwa na dayodi nne, kisha unamwagwa kwenye kapasita mbili kubwa, yale makopo meusi ukifungua mfuniko (usiufungue, yanashika umeme hata ukichomoa). Kapasita ni kama ndiva za jirani zetu Wapare: maji yanajaa humo kwanza, kisha mtu anamwagilia kutoka kwenye ndiva, si kutoka mtoni. Amplifaya inanywa kutoka humo. Na ndiva hiyo haitulii: inajazwa mara 100 kwa sekunde na kunywewa katikati, kwa hiyo uso wake unapanda na kushuka. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 inayonyweshwa ampea 2, uso wake unacheza karibu volti 2, wakati wote muziki ukipigwa. Waliobuni amplifaya walilijua hilo, wakaitengeneza isijali. Chombo kisichojali volti 2 zinazocheza ndani yake hakiwezi kujali volti 0.11 nje ya mlango.

Kabla sijaacha waya, kuna hatari ambayo sijui kama mkwe ameifikiria. Waya utakaotoka Ujerumani utakuja na plagi ya kwao, ya duara, pini mbili nene. Kiboksi chako cha bluu kina matundu mawili bapa ya Kijapani. Hauingii. Mtu atatafuta adapta. Adapta inaingia wapi? Ukutani. Na nyuma ya amplifaya waya utaingia vizuri kabisa, maana tundu lile ni la aina moja dunia nzima. Hapo amplifaya ya volti 100 imekula 230. Ukiwa na bahati inakata fyuzi. Ukikosa, kapasita zinapasuka na transfoma inatoa moshi mbele ya wageni wa Krismasi. Nimepokea vyombo vya Kijapani vilivyokufa hivyo, na hadithi ni ileile: kijana wa nyumbani alibadilisha waya, alitaka kusaidia.

Tuje kwenye mvumo. Umesema unatokea ukiweka santuri. Hukusema unatokea ukicheza sidii au simu, na kimya chako nakichukua kama jibu. Kama nimekosea niambie. Sidii inapeleka kwa amplifaya karibu volti 2. Sindano ya santuri, ile ya sumaku ya kawaida, inapeleka kama milivolti 5. Tofauti ni mara 400. Kwa hiyo amplifaya inalazimika kukuza kasauti ka santuri mara 400 zaidi, na takataka yoyote ya umeme iliyoingia njiani inakuzwa pamoja nako. Mvumo mzito, wa chini, ni mizunguko 50 ya umeme wetu wenyewe. Ukiwa mkali zaidi, kama nyuki kwenye chupa, ni 100, na hapo ningeanza kushuku zile kapasita. Wewe umeandika "mmmm", si "zzzz". Nashukuru kwa uandishi mzuri.

Katika picha ya tano, nyuma ya pleya panatoka waya mbili za sauti, nyekundu na nyeupe, na kando yake kuna kawaya kembamba, ncha yake imefanana na uma mdogo. Kawaya hako kamening'inia hewani. Ndiko ka ardhi. Nyuma ya amplifaya, karibu na matundu yaliyoandikwa PHONO, kuna skrubu ya kuzungusha kwa vidole iliyoandikwa GND. Zima amplifaya, kafunge hapo, kaza, washa. Sitaki kuahidi, lakini nikiwekewa dau ningeweka mbuzi kwamba mvumo wote au sehemu kubwa utaondoka.

Ukibaki kidogo, angalia waya wa sauti wa pleya unalala wapi. Kwenye picha naona umelazwa juu ya kiboksi cha bluu. Transfoma inatoa uga wa sumaku pembeni yake, waya wenye milivolti 5 ukiulaza hapo ni kumlaza mtoto mchanga kwenye mashine ya kusaga. Sogeza kiboksi mbali, nusu mita hivi, na nyaya za umeme zipite upande mmoja wa kabati, za sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana zipishane kama njia panda, zisilale sambamba. Na hapa nikiri kwa haki: nyaya za bei kubwa nyingine zimevikwa wavu wa chuma ndani, na wavu huo unaweza kupunguza kidogo kinachotoka kwenye waya wa umeme kwenda kwa jirani yake. Kidogo hicho unakipata bure kwa kusogeza waya sentimita 30. Ndiyo hoja pekee ya upande wao ninayoikubali, na haina thamani ya laki tisa.

Mvumo ukiwepo pia kwa vyombo vingine, basi niambie kama televisheni yenye dishi imeunganishwa na amplifaya. Hapo kuna ugonjwa mwingine: waya wa dishi umeshika ardhi kule nje, umeme wa nyumba umeshika ardhi kwingine, na waya wa sauti unakuwa daraja kati ya ardhi mbili zisizolingana. Kaskazini hapa ardhi ikikauka Januari na Februari ile fimbo ya shaba iliyochomekwa nje haishiki vizuri, tofauti inaongezeka. Jaribu kuchomoa waya wa dishi. Mvumo ukikatika umempata mwizi. Dawa ni kuweka katransfoma ka kutenganisha sauti. Dawa isiyofaa, na inafanywa kila mahali, ni kukata pini ya ardhi, au kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kufungua tundu la juu la soketi na kalamu ya biki. Mvumo utaisha. Siku moja friji au jiko likivujisha umeme, kitakachokuwa njia ya kwenda ardhini ni wewe.

Sasa suala la mkwe, ambalo ni gumu kuliko umeme. Yeye amesikia tofauti. Siwezi kumwita mwongo mkwe wa mtu, na wala siamini anadanganya. Nikusimulie yaliyonipata. Miaka kadhaa nyuma mteja wangu mmoja wa Njiro aliniletea waya mnene kama nyoka, akataka nije kwake nisikie. Alikuwa na amplifaya nzuri ya Kiingereza. Tukasikiliza na waya wa zamani: sauti ya upande mmoja ina kama mchanga, inakatika katika. Akaweka mpya. Mchanga ukaondoka. Nikaona aibu, maana siku zote nilikuwa nawacheka watu wa nyaya. Nikamwomba tu turudishe ule wa zamani mara moja. Tukaurudisha. Mchanga haukurudi. Kumbe ule waya ulikaa pale miaka bila kuguswa, pini zimeshika kutu nyembamba na vumbi, mguso haukuwa mzuri. Kule kuuchomoa na kuuchomeka ndiko kulikozisugua. Angechomoa na kuchomeka ule ule wa kwanza angepata muziki wake bure. Hakufurahi niliposema hivyo, na kazi yake iliyofuata alimpa fundi mwingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kusikia tofauti ya kweli na akakosea chanzo. Anaweza pia kusikia tofauti isiyopo: ukibadilisha waya unazima chombo, unakaa, unawasha, unaweka wimbo unaoupenda, unapandisha sauti kidogo kuliko mwanzo bila kujijua. Sauti ikipanda kidogo tu, besi na sauti nyembamba za juu zinasikika zimejaa zaidi. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Na laki tisa zako zimekaa pembeni zinasikiliza pamoja nawe.

Ndiyo maana watu wa sauti wakitaka kujua ukweli hufumba macho. Mwaka 2004 huko California, wapenzi wa sauti wa eneo la San Francisco, watu wanaotumia fedha nyingi kwa mambo haya na wengi wao waliotegemea kusikia tofauti, waliwekewa waya wa kampuni ya Nordost wa dola 2,500 na nyaya za kawaida zinazokuja na vyombo, bila kuambiwa upi unafanya kazi. Majibu yalikuwa 149. Yaliyopatia ni 73. Asilimia 49, Mwalimu. Kurusha shilingi juu kungewapa matokeo yaleyale.

Mwambie mkwe ajaribu huko huko kwake, ambako vyombo vyake ni vya umeme wa kwao na hakuna cha kuungua. Binti yako akae nyuma ya kabati, arushe sarafu: ikiangukia upande mmoja anaweka waya wa zamani, upande mwingine mpya, anaandika kwenye karatasi kisha anatoka chumbani kabla mumewe hajaingia, wasitazamane. Kitufe cha sauti kisiguswe toka mwanzo hadi mwisho, na wimbo uwe kipande kilekile. Mara 16. Akipatia 12 au zaidi, kubahatisha pekee kungeleta hivyo mara 4 hivi katika 100, na mimi nitaomba radhi na kurudia naye jaribio. Akipatia 8 au 9, basi. Nina hakika binti yako atachoka kuinama kabla ya mzunguko wa kumi, kwa hiyo wafanye kwa siku mbili.

Na usimnyime zawadi yake. Mwelekeze kwenye kitu kitakachofanya kazi: transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, ya mviringo, ya wati 500 halisi au zaidi. Ni nzito, inakaribia kilo kadhaa kwenye begi, lakini kule Ulaya zipo na haifiki bei ya ule waya. Hii itaondoa nusu nzima ya uchovu wa besi. Kama hataki kubeba uzito, zinapatikana Dar, na hata hapa Arusha ukitafuta kwa subira; ziinue mkononi kabla ya kulipa, nyepesi iache dukani.

Nusu ya pili, volti za jioni, inahitaji kipimo kwanza. Stebilaiza inaweza kusaidia, lakini sipendi kumwambia mtu anunue stebilaiza kabla hatujajua namba. Za bei rahisi zinapiga "tak" kila dakika na nyingine zinaleta mvumo wake zenyewe. Ikiwa soketi yako inasoma 195 na kwenye mita ya LUKU inasoma 220, basi volti zinapotelea ndani ya nyumba yako, soketi iliyolegea au waya mwembamba, na hiyo ni kazi ya fundi umeme siku moja, tena ya haraka kwa sababu panapopotea volti pana joto.

Waya wa umeme wa kawaida nao usiudharau kabisa. Mbovu ni hatari. Siku hizi mitaani kuna nyaya zilizoandikwa 3 x 1.5 ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba, nyuzi unazihesabu kwa vidole. Ukigusa waya au plagi baada ya saa moja ya muziki ukasikia joto, tupa. Nunua wenye alama ya TBS, kwa bei ya kawaida, na umemaliza habari ya nyaya mpaka wajukuu waoe.

Ninachoomba sasa ni hiki. Azima multimita kwa fundi wa hapo karibu, au nunua, si ghali. Mwambie kijana anayejua umeme apime soketi ile ile ya kiboksi cha bluu, isiwe wewe na miwani yako. Saa nne asubuhi, saa moja na nusu jioni, na saa tano usiku, siku tatu, ikiwemo Jumapili. Kisha saa ile ya jioni apime na kwenye matundu bapa ya kiboksi, muziki ukiwa chini na muziki ukiwa juu. Andika zote kwenye daftari kama ulivyokuwa unaandika mahudhurio, unitumie. Kawaya ka GND kafunge leo.

Kitambaa umeshakiondoa?